Zamu Isiyomfikia Chaki

Kila asubuhi, kabla kengele ya mstarini haijagongwa, wanafunzi wa darasa la sita walijazana mlangoni mwa chumba cha kompyuta wakisukumana. Kiranja wa darasa aliingia, akaketi kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi, akaandika swali moja tu: leo zamu ni ya nani? Akabonyeza kitufe. Skrini ikatoa jina moja. Akauliza tena, likatoka la pili. Wawili hao walikabidhiwa ndoo na brashi, wakaenda kusafisha vyoo. Waliobaki walishusha pumzi, na wengine, bila hata chembe ya aibu, wakarukaruka kwa furaha.

Zamani haikuwa hivyo. Kiranja ndiye aliyechagua, na kila siku palizuka ugomvi. "Huyu ni binamu yako, ndiyo maana humtaji!" "Yule jana alikupa biskuti, tulimwona!" Kiranja alikuwa mvulana mwadilifu tu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Lakini maneno yalimchosha, akafika mahali akawa anajichagua mwenyewe ili apate amani.

Aliyemwokoa ni msichana mmoja waliyemwita Chaki. Jina hilo alilipata kwa wembamba wake, na kwa sababu ubao ukiachwa wazi hata dakika moja, lazima utamkuta anaandika kitu. Nisiwafiche, mimi nampenda sana mtoto huyu, na mkinivumilia mtaona kwa nini.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa mama mcheshi ambaye miwani yake ilikaa kichwani zaidi ya machoni. Muhula huo aliwaletea lugha mpya ya kompyuta, lugha ya mantiki.

"Lugha nyingi mnazipa amri," aliwaambia. "Fanya hiki, ukimaliza fanya kile. Hii haitaki amri. Mnaieleza mambo mnayojua kuwa ni kweli, mnaipa na kanuni, halafu mnaiuliza swali. Jibu inalitafuta yenyewe. Ikikuta njia imeziba, inarudi nyuma, inajaribu njia nyingine. Ikizimaliza zote bila kupata kitu, inawaambia hapana."

Chaki alinyoosha kidole. "Mwalimu, nikiiuliza swali lile lile mara mbili?"

"Itakujibu vile vile. Ni kama shahidi mkweli, maneno yake hayabadiliki."

"Basi haiwezi kutuchagulia watu wa zamu ya vyoo. Kila siku itamtaja yule yule."

Mwalimu alicheka, akaishusha miwani machoni, dalili kwamba swali limemkuna. "Umenipata hapo! Lakini kuna kitu kinaitwa namba ya nasibu. Unaiambia: nipe namba yoyote kati ya hizi, usinipe sababu. Ni kama kutumbukiza mkono ndani ya mfuko bila kuchungulia. Leo itatoa hii, kesho ile, na hakuna ajuaye itakayotoka. Nitakuonyesha, halafu mengine utajaza mwenyewe."

Chaki alijaza. Kila mchana baada ya masomo alibaki kwenye kile chumba, maana nyumbani kwao hapakuwa na kompyuta, akiandika, akifuta, akiandika tena. Kwanza aliieleza mashine mambo ya kweli: namba moja ni fulani, namba mbili ni fulani, hadi darasa lote likaisha. Kisha akaipa kanuni: mtu ana zamu ikiwa namba yake imetoka kwa nasibu, naye yupo shuleni. Akiwa hayupo, rudi nyuma uchague tena. Kanuni yenyewe ilikuwa ya mistari michache, lakini ilipofanya kazi mara ya kwanza Chaki alipiga kelele hadi mlinzi wa shule akaja kuchungulia.

Katika kuandika majina, jina lake mwenyewe aliliweka mwisho kabisa, namba thelathini na moja. Nyumbani walimfunza kwamba anayepakua chakula hujipakulia mwisho, na yeye akaona hata kwenye kompyuta adabu ni adabu.

Darasa likapata amani. Hakuna aliyeweza kuigombeza mashine kwamba imepewa biskuti. Kiranja alijigamba mpaka kwa madarasa mengine: "Sisi kwetu hakuna upendeleo. Nasibu tupu!" Habari zikamfikia Mwalimu Mkuu, mzee mkimya ambaye koti lake halikufunguliwa vifungo hata jua liwe kali vipi. Alisema Ijumaa angekuja kuiona programu hiyo kwa macho yake. Ikimridhisha itatumika shule nzima, na Chaki atapewa ufunguo wa chumba cha kompyuta awe msaidizi wa mwalimu. Kusikia hivyo Chaki alikosa usingizi. Ufunguo! Angeweza kuingia asubuhi, mchana, hata siku ya mapumziko. Hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho duniani.

Sasa, kwenye dawati lake alikaa na rafiki yake mmoja ambaye siku hizo walikuwa wamempachika jina la Sabuni. Maskini, nasibu ilimwandama. Hakuna wiki iliyopita bila jina lake kutokea kwenye skrini, na alipoingia darasani akinuka dawa ya vyoo, wavulana wa nyuma walijiziba pua na kuvunjika mbavu kwa kicheko. Yeye alicheka nao, lakini kicheko chake kilikuwa cha mdomoni tu.

"Mwenzangu una nyota," alimwambia Chaki siku ya Jumatano, akijipaka mafuta kwenye vidole vilivyokauka kwa dawa. "Toka tumeanza, wewe hujashika hata mpini wa brashi."

"Nasibu hiyo," Chaki alijibu. "Zamu yangu itafika tu."

"Itafika lini? Mimi najua vyoo vile kuliko kitanda changu."

Walicheka wote wawili. Lakini Chaki alipotulia, maneno yale yakaanza kumwasha. Aliwapitisha wenzake wote kichwani, dawati kwa dawati. Huyu ameshakwenda. Yule ameshakwenda, mara tatu. Hata yule mgonjwa wa pumu alikwenda mara moja, akasamehewa kubeba ndoo. Alifika mwisho wa safu bila kumpata mwingine yeyote ambaye hajawahi kuchaguliwa.

Mchana huo alikaa mbele ya kompyuta akauliza swali lake, akauliza tena, akaendelea kuuliza mpaka kidole kikamuuma. Majina yalimiminika, la Sabuni likiwemo, la kiranja likiwemo. Lake halikutokea. Labda ni bahati, alijiambia. Akauliza tena na tena. Halikutokea.

Hapo Chaki alifanya jambo ambalo mimi linanifurahisha kila ninapolikumbuka. Hakuendelea kubonyeza tu akiomba jina lake litoke. Alilipunguza tatizo likawa dogo hata lisiweze kujificha. Aliandika programu nyingine yenye watu wawili tu: namba moja Sabuni, namba mbili yeye. Akaomba namba ya nasibu kuanzia moja kwenda mbili.

Sabuni. Sabuni. Sabuni. Sabuni.

Akawabadilisha nafasi, yeye akawa namba moja na Sabuni namba mbili.

Chaki. Chaki. Chaki. Chaki.

Akatazama ule mstari wa namba za nasibu alioutumia tangu mwanzo, na mambo yakamfungukia. Mashine ilipoambiwa ianze moja na kikomo kiwe mbili, kikomo ilikifanya ukuta. Iliufikia lakini haikuuhesabu. Kwenye watu wawili ilibaki na mmoja. Kwenye darasa lote iliishia thelathini, na thelathini na moja, yaani Chaki mwenyewe aliyejiweka mwisho kwa adabu zake zote, haikumgusa hata siku moja.

Dawa yake ilikuwa rahisi mno: kuandika thelathini na mbili badala ya thelathini na moja. Alibadilisha, akauliza mara kadhaa, na jina lake likatokea. Kazi ikaisha. Alikaa akilitazama jina lake kwenye skrini, na badala ya kufurahi akavikumbuka vidole vya Sabuni. Akairudisha ile namba ya zamani, akazima kompyuta, akaondoka.

Njiani alikutana na kaka yake, kijana wa sekondari, akamweleza yote.

"Sasa shida iko wapi?" kaka yake alishangaa. "Kesho badilisha hiyo namba, funga mdomo. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe fanya kama hujui kitu. Ukisema, watakwambia ulifanya makusudi. Nani ataamini eti mtunga programu amejisahau mwenyewe? Na huo ufunguo wako utaishia kuusikia tu."

Kila alichosema kaka yake kilikuwa kweli.

Walifika kwenye kibanda cha baba yao. Baba yao alikuwa kinyozi, na Chaki alipenda kukaa kwenye benchi la wateja wakati wa jioni akisikiliza mashine ya kunyolea na porojo za wanaosubiri. Jioni hiyo baba alikuwa akimchonga mteja mmoja, mtu mnene aliyeongea bila kupumzika. Katikati ya hadithi mteja akageuza kichwa ghafla, mashine ikateleza. Nyuma ya kichwa, chini kidogo ya utosi, kikabaki kialama kidogo cheupe.

Mteja hakuhisi kitu, aliendelea na hadithi yake. Kioo cha ukutani kilimwonyesha uso tu, na nyuma hakuna mtu ajionaye. Kaka yake Chaki alimkonyeza baba, kama anayesema, mwache aende zake. Baba akafuta nywele mabegani mwa mteja, kisha akachukua kioo kidogo cha mkono, akakishika nyuma ya kile kichwa.

"Tazama hapa, bwana mkubwa," alisema. "Hapa nimekuharibu. Niwie radhi. Nikizishusha nywele kidogo pembeni haitaonekana."

Mteja alitoa macho. "Lo! Umeninyoa njia ya panya!"

"Ya panya mdogo," baba alijibu.

Benchi zima liliangua kicheko. Mteja alinung'unika, akakunja uso, kisha naye akacheka, akakubali nywele zishushwe. Alipoondoka alikuwa bado analalamika.

"Baba, yule hatarudi," kaka alisema.

"Huenda," baba alijibu akikung'uta shuka. "Lakini akirudi, atakaa kwenye kiti hiki bila wasiwasi."

Chaki aliuchukua ufagio akaanza kukusanya nywele sakafuni, na alipomaliza alikuwa ameshaamua.

Ijumaa ilipofika, chumba cha kompyuta kilijaa hadi madirishani. Mwalimu Mkuu alisimama mbele, mikono nyuma, vifungo vyote vimefungwa. Mwalimu wa kompyuta alitabasamu. Kiranja alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti cha mguu mfupi tayari kuuliza swali la siku.

"Kiranja, naomba kiti," Chaki alisema. "Kuna jambo nataka kuwaonyesha kwanza."

Alipiga moyo konde, akafungua ile programu ndogo ya watu wawili. "Namba moja ni Sabuni, namba mbili ni mimi. Nitaiomba ituchague kwa nasibu."

Jina la Sabuni likatoka. Darasa likacheka. Likatoka tena, wakacheka zaidi. "Sabuni, wewe umezaliwa chooni!" mmoja alipayuka. Likatoka mara ya tatu, ya nne, ya tano, na kicheko kikaanza kupungua. Sabuni mwenyewe alisogea karibu na skrini, akatazama bila kupepesa.

"Programu yangu ina kosa," Chaki alisema. "Namba ya mwisho haichaguliwi kamwe, na namba ya mwisho ni mimi. Nilijiweka mwisho kwa heshima tu, sikujua. Lakini tangu siku ya kwanza mlikuwa mnachaguliwa ninyi, mimi sikuwa ndani ya mfuko. Nimeligundua juzi. Ningeweza kulirekebisha kimya kimya, nikaona si haki."

Chumba kikalipuka.

"Makusudi hayo!" "Kumbe ulikuwa unatuchezea!" Sauti ya kiranja ilizipita zote. "Na mimi nilivyokutetea! Nimewaambia mpaka darasa la saba hakuna upendeleo! Umenivua nguo mbele ya watu!"

Chaki alisimama hapo hapo, macho yamejaa machozi. Hakujitetea. Alichokuwa nacho cha kusema alikuwa ameshakisema.

"Ngojeni kwanza," Sabuni alisema. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na labda ndiyo maana walimsikia. "Kama ni hasira, mimi ndiye wa kwanza kustahili. Vidole vyangu hivi hapa." Akavinyoosha. "Lakini niambieni, nani kati yetu alikuwa analijua jambo hili? Wewe kiranja ulijua? Mwalimu alijua? Angekuwa mdanganyifu, leo angekuwa na ufunguo mfukoni, na sisi tungempigia makofi."

Kiranja alivitazama vile vidole, akainamisha macho.

Mwalimu wa kompyuta aliivuta miwani kutoka kichwani, akaivaa, akausoma ule mstari wa programu taratibu. "Mimi pia niliupitia mstari huu," alisema. "Niliupitia nikausifu, na sikuliona kosa. Kwa hiyo kama mnatafuta wa kumlaumu, nami niwekeni kwenye foleni."

Mwalimu Mkuu alikohoa, na wote wakanyamaza. "Nilisema programu hii ikiniridhisha itatumika shule nzima," alianza. Chaki aliinamisha kichwa. Alishauaga ule ufunguo tangu jioni ile kibandani kwa baba yake, lakini kuuaga ni kitu kimoja na kusikia ni kingine. "Haijaniridhisha. Lakini mtunzi wake ameniridhisha. Irekebishe hapa hapa tuone, halafu kila darasa litaijaribu kwa watu wawili kabla ya kuiamini. Ufunguo utauchukua kwa mwalimu wako."

Chaki aliketi akafuta moja, akaandika mbili. Herufi zote zilikuwa zikicheza machoni kwa machozi, ikabidi Sabuni amhakikishie kwamba ameandika sawa.

"Nitafanya zamu ya mwezi mzima," Chaki alisema. "Kufidia."

"Hapana," kiranja alisema. Alikuwa bado amenuna, lakini mwadilifu ni mwadilifu. "Tumekubaliana nasibu ndiyo inayochagua. Sote tumo sasa? Basi iulize."

Chaki aliuliza.

Jina la kwanza lilikuwa la kiranja.

La pili, mtanisamehe lakini ndivyo ilivyotokea, lilikuwa la Sabuni.

Kicheko kilichozuka siku hiyo kilisikika hadi jikoni mwa shule. Mwalimu Mkuu aligeukia dirishani, na mabega ya koti lake yalionekana yakitikisika. Sabuni alijishika kichwa, akawatazama wote, kisha naye akacheka, na safari hii kilikuwa kicheko cha kutoka moyoni.

"Mara hii sina neno," alisema, akichukua brashi. "Nimeona mwenyewe jinsi ilivyochagua."

Alipofika mlangoni na kiranja, walisikia chuma kikigonga sakafu nyuma yao. Chaki alikuwa amebeba ndoo ya tatu.

"Wewe hukutajwa," kiranja alimwambia.

"Najua. Nataka kuviona hivyo vyoo. Nasikia ni vizuri kuliko kitanda."

Sabuni alimsukuma kwa bega, wakaondoka wote watatu, ndoo zikigongana.

Mwalimu wa kompyuta aliwasubiri wapotee kwenye kona, ndipo akawageukia waliobaki. "Mashine hii haikuwadanganya hata siku moja," alisema. "Ilifanya kama ilivyoambiwa. Na kukosea kila mtu anakosea, mtakosea sana kwenye somo hili. Lakini kosa likikuumiza, utalitafuta mchana na usiku hadi ulipate. Kosa likikufaidi, ni rahisi sana kuliita bahati ukaenda zako. Mwenzenu hakuliita bahati. Alilitafuta, akalileta hapa mbele yenu huku akijua litamgharimu. Programu nitawafundisha mimi. Hilo jingine jifunzeni kwake."

Kisha akairudisha miwani kichwani, akawaambia wafungue madaftari.